Brokoli Ishirini na Mbili kwenye Tuta la Bibi

Nilikuwa nazipima kwa futi ya cherehani. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili anayetaka kunicheka anicheke sasa, amalize, tuendelee.

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda kurudi msituni Magamba, nilishuka shambani na futi ya njano ya mama, kalamu sikioni na daftari kwapani, nikapima vichwa vya brokoli kimoja kimoja. Miche ilikuwa ishirini na miwili. Kila mche ulikuwa na kijiti chake cha mwanzi chenye namba, moja mpaka ishirini na mbili, na namba zote zilitazama upande mmoja, upande wa njia, kama wanafunzi mstarini. Upepo ukigeuza kijiti, nilikigeuza tena. Usiku upepo ulikigeuza. Asubuhi nilikigeuza.

Bibi alikuwa akinitazama kutoka mlangoni pa jiko, kikombe cha chai mkononi.

"Mke mwenzangu," aliniita. "Unawashonea sare za kwaya?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimeuliza, ni sare za kwaya?"

"Naangalia kama vimekua."

"Vikikujibu uniite."

Bibi huyu ni mama yake baba. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, kwa utani, na bibi yangu si mtu wa kuacha utani ulale. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu, lakini hilo halikumzuia bibi kunionea wivu miaka yote hii. Nikipika ugali ukalegea, anasema mume wetu angenirudisha kwetu siku hiyo hiyo. Nikipendeza Jumapili, anauliza nimemvalia nani, na mume wetu yuko pale kaburini anatuona sote wawili.

Sasa kuhusu tuta. Shamba letu linashuka mlima ngazi kwa ngazi, kama mashamba mengi ya huku, na kila ngazi tunaiita tuta. Kwenye kingo tumepanda majani ya gwatemala, ambayo yanashika udongo na kumshibisha ng'ombe. Tuta bora kuliko yote ni lile lililo chini ya jiko. Linapokea maji ya vyombo, majivu, samadi ya bandani na maneno yote ya bibi. Tangu nimezaliwa lilikuwa la maharage yake. Kuliomba tuta lile ilikuwa kama kumwomba mtu akuazime meno.

Nililiomba kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimemaliza kitu chochote.

Nisieleweke kuwa mvivu. Nilikuwa nikianza vitu kwa juhudi ya kutisha. Nilijifunza kinanda cha kanisani peke yangu, kwa kusikiliza na kubonyeza. Nikapiga ibada moja, nikakosea noti moja kwenye wimbo wa pili, nikaacha. Mchungaji hakuisikia. Wanakwaya hawakuisikia. Mimi niliisikia, na hadi leo nikipita karibu na kile kinanda natazama pembeni. Nilifuma kitambaa cha meza, nikagundua ua la tatu limeinama, nikafumua lote. Nikafuma tena, nikafumua tena, mpaka uzi ukachoka kabla yangu. Nikaandika barua ya kuomba kazi ya ukarani, nikaiandika upya mara tisa kwa sababu ya mwandiko, na nilipoipeleka ofisini niliambiwa mtu ameshapatikana, yuko pale, na kweli alikuwa pale anakunywa soda.

Brokoli niliikuta kwenye simu. Si mboga ngeni Lushoto. Wako watu wanaoilima miaka mingi na kuipakia kwenye malori ya Dar pamoja na karoti na hoho. Lakini nyumbani kwetu haikuwahi kuvuka kizingiti. Ilihesabiwa kuwa chakula cha hotelini, kama uyoga wa kopo. Mimi nilimwona mzungu mmoja mwenye glovu akikata kichwa cha brokoli, cha kijani, kizito, duara kamili kama kimechorwa kwa bikari, na moyo wangu ukasema: hiki. Nikatazama video zote za yule mzungu. Mtandao kwetu unashika mahali pamoja tu, chini ya mparachichi, na lazima uegemee kushoto. Kwa hiyo elimu yangu yote ya kilimo cha bustani niliipata nikiwa nimeinama upande.

"Msimu mmoja tu, bibi," nilimwambia. "Nusu ya tuta inatosha."

"Nusu ya tuta ni kama nusu ya shuka," alisema bibi. "Mtalalaje?"

Mama, ambaye alikuwa anachambua mchele, akaingilia. "Mama, mpe ajaribu. Atashika kitu kimoja."

Bibi alifikiri akitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. Kisha akatoa masharti, na naomba msomaji ayakumbuke, kwa sababu mimi sikuyasahau hata usingizini.

"Zamu yetu ya jumuiya si iko mbele huko? Basi. Siku hiyo wageni wale hicho kitu kutoka kwenye tuta langu. Wakila wakashiba, tuta ni lako, utapanda hata maua. Wakitazamana, maharage yangu yanarudi, na utayapanda wewe, kwa mikono yako, na mdomo ukiwa umefungwa."

Jumuiya ni sala za mtaa. Familia za Walutheri jirani tunakutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu, tunasali, tunaimba, halafu mwenye nyumba anatoa chochote alichonacho. Wengi hutoa makande na chai. Kwa hiyo watu wapatao ishirini, walionijua tangu nikiwa na kamasi, wangekaa sebuleni kwetu na kuhukumu brokoli yangu kwa mdomo.

"Na makande nitapika," mama aliongeza haraka.

"Pika mengi," alisema bibi. "Sitaki kufa kwa ajili ya majaribio."

Kitalu nilikitengeneza kwenye sanduku la mbao, nikakifunika kwa nyasi kavu, nikakinyweshea kwa kopo nililolitoboa matundu kwa msumari. Matundu yalikuwa yamepangwa. Miche ilipofikisha majani manne nilihamishia tutani, sentimita arobaini na tano kati ya mmoja na mwingine, kwa kamba iliyovutwa kutoka kijiti hadi kijiti. Siku iliyofuata niliona miche mitatu imetoka nje ya mstari kwa upana wa kidole. Nikaing'oa, nikaipanda upya. Ikanyauka kwa hasira siku nne, nami nikanyauka nayo. Sota, wale funza wa udongoni, wakakata mche wa tisa usiku, wakauacha umelala pembeni ya shimo lake kama mtu aliyepigwa ngwala. Nikapanda wa akiba. Viwavi nilikuwa nawaokota kwa mkono na kuwapelekea kuku, na nilikuwa nafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi, jambo ambalo yule mzungu hakuwahi kulifanya wala kulitaja.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari habari za kutisha. Majani ya chini yalikuwa yanapungua. Namba tano: jana majani kumi na matatu, leo kumi na moja. Namba kumi na saba: jana kumi na manne, leo kumi na mawili. Hayakuwa yameliwa, yalikuwa yameondoka, safi, kama hayakuwahi kuwepo. Niliegemea kushoto chini ya mparachichi jioni nzima nikitafuta ugonjwa unaoondoa majani mawili mawili. Sikuupata. Nikahitimisha kuwa ni ugonjwa mpya, na kwamba umeanzia kwangu.

Jioni zile tulikuwa tunakula mboga za majani nzuri ajabu, nene, zenye utamu fulani.

"Bibi, sukuma hii umeitoa wapi?"

"Kwa watu," alisema bibi. "Kula, mke mwenzangu. Umekonda kwa kuhesabu."

Namba kumi na nne ndiyo iliyotangulia kutoa kichwa. Niliona kifundo kidogo katikati ya majani, saizi ya kifungo cha shati, nikakaa chini palepale kwenye udongo na sketi ya kwenda mjini. Kifundo kikawa ngumi ya mtoto, kikawa ngumi yangu, kikawa kikombe. Duara. Kizito. Kama cha bikari. Nilikuwa nakiamkia kabla ya kumwamkia bibi, na bibi aliligundua hilo na hakulipenda.

Asubuhi moja nikashuka na futi yangu na namba kumi na nne haikuwa na kichwa. Kulikuwa na shina limekatwa mshazari, na tone la maji juu yake.

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka na sabuni masikioni.

"Wamekata! Wameiba!"

"Nani?"

"Mbega! Wameshuka kutoka msituni!"

Bibi alikuja taratibu, akainama, akatazama lile shina lililokatwa kwa kisu kikali. "Huyu mbega," alisema, "ana kisu kizuri."

"Basi mtu."

"Labda mtu."

"Nani ataiba kichwa kimoja, aache vingine?"

"Vingine viko wapi?" aliuliza bibi. Na kweli, vingine vilikuwa bado vifungo vya shati.

Nilitaka kuing'oa namba kumi na nne. Naliandika hili kwa aibu. Ule mche uliokatwa kichwa katikati ya mstari wangu ulinikera kuliko wizi wenyewe. Ulikuwa kama jino lililotoka. Nilikwishaushika shina niuvute, bibi akanipiga mkononi, si kwa utani.

"Mche mzima una kosa gani?"

"Umeharibika, bibi. Hauna kichwa."

"Na wewe unacho, na tazama unachotaka kukifanya. Uache."

Nikauacha, lakini nikang'oa kijiti chake. Sikutaka uwe na namba. Wiki hiyo, nakumbuka, tulikula mayai siku tatu mfululizo, mayai ya kienyeji yenye kiini cha rangi ya machungwa, na kuku wetu walikuwa wanaatamia. Mimi nilikula na kuomboleza. Sikuuliza.

Vichwa vingine vikaja. Vilikuja vizuri, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kufikia siku kumi kabla ya jumuiya, vingi vilikuwa tayari. Nilijua viko tayari. Yule mzungu alisema ukikuta vichipukizi vimebana na vigumu, kata, usingoje. Mama alinisimamia na kisu mara mbili. "Kata viwili tuonje," alisema. "Kesho," nilisema. Kesho yake nikasema namba tatu ina sentimita kumi na sita na namba ishirini ina tisa, zingoje zilingane. Nilitaka kuvikata vyote ishirini na kimoja kwa siku moja, Jumamosi asubuhi, vyote vikiwa sawa, nivipange kwenye sinia kubwa la kanisani, watu wakiingia wanyamaze.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama. Sababu ya kweli ni nyingine, na nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuweza kuiandika. Kitambaa unaweza kukifumua. Barua unaweza kuichana. Kinanda unaweza kukifunika kwa shuka lake. Lakini kichwa cha brokoli ukishakikata, umekikata; hakuna mahali pa kukirudishia. Na maadamu hakijakatwa hakuna anayeweza kusema ni kibaya. Kiko shambani. Kinaendelea.

Kisha jua likatoka. Si jua letu la kawaida, la kuchungulia saa nne na kurudi ndani. Lilikuwa jua kama la Mombo kule chini, siku tatu mfululizo, ukungu haukuonekana hata juu ya Magamba, mpaka bibi akavua sweta lake, tukio ambalo mimi hulishuhudia kwa nadra. Alhamisi jioni niliona namba tatu imelegea kidogo, kama mtu aliyefungua mshipi baada ya kula. Ijumaa asubuhi ilikuwa na nukta za njano. Ijumaa jioni tuta zima lilikuwa linachanua.

Sikumwambia mtu. Jumamosi nilishuka tutani alfajiri ilipopambazuka, nikapiga magoti mbele ya namba moja, nikaanza kung'oa maua ya njano, ua moja moja, kwa kibanio changu cha nyusi.

Niwe mkweli kuhusu mpango wangu. Nilifikiri nikiwahi kuyatoa yote kabla ya saa tisa, kijani kitabaki. Nilimaliza namba moja jua likiwa limeshatoka. Namba mbili nilipoifikia nusu, namba moja ilikuwa imefungua maua mengine. Nyuki walikuwa wamefika, wengi, wamefurahi, wananizunguka kama wageni wanaomsaidia mwenyeji. Nilikuwa nalia na kamasi zinatoka na sikuweza kuzifuta kwa sababu mkono mmoja umeshika kibanio na mwingine umeshika maua.

"Mke mwenzangu."

Sikugeuka.

"Unainyoa nyusi brokoli?"

"Bibi, niache."

"Mimi nimeishi na mume wetu miaka arobaini na hajawahi kunitoa nyusi."

"Bibi, zimeharibika!" nilimgeukia. "Zote! Wageni wanakuja saa tisa, nilingoja sana, mama aliniambia kata, sikukata, sasa chukua tuta lako. Nitapanda maharage. Nitapanda leo."

Bibi aliweka kikombe chake juu ya ukingo, akashuka kwa kukaa na kujivuta, kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi. Alichuma shada la namba mbili, na maua yake na nyuki wake, akampuliza nyuki, akalitia mdomoni. Akatafuna.

"Sukuma ikitoa maua, huwa unaitupa?" aliuliza.

"Hapana."

"Unaifanyaje?"

"Tunachuma vile vikonyo na maua, tunapika."

"Hii ni nani wake?"

Nilikuwa na daftari zima la vipimo, na undugu haukuwemo.

"Na majani yake nimekulisha mwezi wa pili huu," aliendelea bibi, "unaniuliza yametoka wapi, unaongeza sahani."

Nilimtazama. Kumi na matatu, kumi na moja. Kumi na manne, kumi na mawili.

"Wewe ndiye ugonjwa," nilisema.

"Mimi ndiye. Mche hauachwi na majani ya chini yameinama, yanavuta konokono. Mama yako hajui kuchuma, wewe hujui kuchuma, nani achume? Njoo huku."

Akanivuta hadi kwenye ule mche nisiotaka kuutazama, usio na kijiti. Sikuwa nimeusogelea kwa wiki kadhaa; nilikuwa nanyweshea maji nikiwa nimegeuza uso. Chini ya lile shina lililokatwa, kwenye kila kwapa la jani, kilikuwa kimetoka kichwa kidogo. Nilivihesabu, bila shaka nilivihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Vimebana, vigumu, vya kijani, na viwili tu vilikuwa na nukta ya njano.

"Nani aliukata, bibi?"

"Mbega," alisema bibi, na akanipa kisu kilichokuwa kiunoni mwake. "Kata."

"Vipi?"

"Vyote. Vya huu na vya ile yote. Watu wanakuja."

Kichwa cha kwanza kilinichukua muda. Nilikikata vibaya, nikaacha kipande cha shina kirefu mno. Cha pili pia vibaya. Kufikia cha nane nilikuwa sitazami tena kama ni mshazari. Nyuki walitufuata mpaka mlangoni pa jiko.

Bibi alipika mwenyewe. Mimi nilitaka kuzichemsha kwa maji ya chumvi dakika mbili kama kwenye video, akaniambia maji hayo nikamwogeshee yule mzungu kama namwonea huruma, lakini sufuria ni yake. Alikaanga vitunguu kwa samli ya ng'ombe wetu, nyanya, karoti, kisha akatia vikonyo, vichwa, maua ya njano, na majani aliyoyakata membamba, akafunika. Mama alikuwa na makande yake kwenye moto wa pili na alikuwa anaomba kimoyomoyo. Nilimwona midomo.

Saa tisa wakaja. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja mstaafu wa idara ya misitu, alisali sala ndefu iliyoshukuru kwa mvua, kwa jua, na "kwa kijana wetu aliyejaribu jambo," na hapo nilijua mama alishazungumza. Neno la siku likasomwa. Mimi sikulisikia. Nilikuwa natazama mlango wa jiko.

Sahani zikapita. Makande, na pembeni ile mboga, ya kijani na njano, inang'aa kwa samli. Watu wakatazama. Wakatazamana.

Wakitazamana, alisema bibi. Maharage yanarudi.

Kisha jirani yetu wa upande wa juu, bibi mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wiki chache zilizopita, akainua sahani yake karibu na lile jicho jipya. Akainusa. Akapiga ukelele.

"Jamani! Hili si ua langu?"

"Ua gani, dada?" aliuliza mwenyekiti.

"Ua nililoletewa nilipotoka hospitali!" Alimgeukia bibi. "Si ndilo ulilonitia kwenye kikapu, na karoti juu yake? Nimetoka na bandeji, jicho moja, nafungua kikapu nakuta shada la kijani, zito, duara! Nikasema kumbe mtu akipona macho anapewa na cha kutazama. Nimeliweka kwenye chupa ya maji juu ya meza, kwenye kitambaa. Likachanua njano! Siku nyingi! Wajukuu nimewakataza hata kuligusa!"

Bibi alikuwa ameshika shavu. Nikaelewa, na nikamtazama. Kwetu mtu akitoka hospitali haendewi mikono mitupu, na aliyeleta zawadi haielezi, na aliyepewa haifungui mbele yake. Kwa hiyo bibi alikuwa amempelekea mgonjwa kitu bora kuliko vyote kilichokuwepo shambani siku ile, akakaa, akanywa chai, akaondoka, na mambo yakaishia hapo. Na kikapu hakirudi kitupu, kwa hiyo kikarudi na mayai. Mayai niliyoyala nikiomboleza.

"Ni mboga, mwenzangu," alisema bibi kwa sauti ndogo.

"Mboga!" Jirani aliangalia sahani, akaangalia watu. "Yaani mimi nimekaa na mboga mezani nikiiimbia nyimbo?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika nguzo. Mama alitoka jikoni kuona kuna nini, akaelezwa na watu watano kwa wakati mmoja. Na jirani, ili asionekane mjinga peke yake, au kwa sababu alikuwa na deni la kuimba, alichukua kijiko, akala. Akala tena.

"Wazungu wanakula maua hotelini huko," alisema. "Ndiyo maana hawataki kuondoka."

Baada ya hapo hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwenyekiti aliomba kuongezewa, kisha akaomba kuongezewa kwa niaba ya mkewe, aliyekuwa amekaa kando yake na sahani yake mwenyewe. Makande ya mama yalibaki nusu sufuria, naye akakasirika kwa furaha. Nilipoingia jikoni nilimkuta bibi peke yake, amekaa kwenye kigoda, anakwangua chini ya sufuria kwa mwiko, pale samli ilipoungua kidogo.

"Umeshiba, bibi?"

"Usiniulize maswali ya mahakamani," alisema, mdomo umejaa.

Sikulala vizuri. Bibi hakuwa amesema tuta ni la nani. Wageni walikula, walishiba, lakini walikula maua, si vile vichwa nilivyoahidi, na nusu ya sifa zote ilikuwa ya samli. Nilijishtaki na kujitetea mpaka asubuhi.

Jumatatu nilishuka na kumkuta tutani na jembe dogo na kopo la mbegu. Alikuwa anatoboa mashimo katikati ya vile vishina vyangu ishirini na viwili. Maharage.

"Bibi. Nimeshindwa?"

"Nani kasema?"

"Unapanda maharage."

"Napanda. Tuta ni lako, nimesema hadharani jana baada ya ibada, mwenyekiti amesikia. Mimi ni mpangaji tu." Alitupia mbegu mbili shimoni, akafukia kwa kisigino. "Haya ni ya kutambaa. Yatapanda kwenye vijiti vyako, maana vilikuwa havina kazi."

Hapo ndipo nilipoona. Alikuwa ameng'oa vijiti vyangu vyote vya namba na kuvichomeka upya popote palipomfaa. Namba saba ilikuwa kando ya kumi na tisa. Namba mbili ilikuwa imesimama kichwa chini. Kwenye mche ule ulioibiwa kichwa, ambao sasa ulikuwa unatoa vichwa vipya zaidi, alikuwa amerudisha kijiti cha kumi na nne, akakifunga kipande cha khanga yake kuukuu, ili mtu asikosee.

"Huo ni wangu," alisema. "Mwingine yeyote ukikata, sina neno. Huo ukiugusa, tutaitana kwa mwenyekiti."

Nilichukua jembe la pili nikamsaidia. Hatukuvuta kamba.

Jumapili ya pili baada ya hapo, bibi akiwa kanisani ibada ya kwanza, nilishuka peke yangu kurudisha vijiti kwenye mpangilio wake. Nilifanikiwa kuhamisha moja, mbili na tatu. Nilipoishika kumi na tisa, mharage ulikuwa umekwisha kuchipua kando yake, umeinama kuelekea kijiti, haujakigusa bado. Kisha nikakiacha, nikaenda kuvaa, kwa sababu ibada ya pili ilikuwa inakaribia na mpiga kinanda, nilisikia, alikuwa mgonjwa.

Nilipiga mpaka mwisho, nikakosea mara mbili. Moja bibi, aliyekuwa amebaki kwa ibada ya pili, aliisikia, na alinisubiri mlangoni kunieleza.